Mpeta Sufuriani, Zambarau Kitaluni



Katika toleo lililopita tuliandika kwa furaha kubwa kwamba kitalu cha chama chetu kimefanikiwa kuliko miaka yote. Tulisema kuwa katika mbegu 300 tulizozitia viribani zimeota 274. Kuwa viriba vingine vimetoa machipukizi mawili hata matatu, jambo ambalo tuliliita baraka. Na kuwa miche imekua kwa kasi hata ikafaa kugawiwa wanachama katika mvua za vuli, kabla haijatimiza mwaka. Tuliwasifu vijana wa kitalu, na wala hatukujisahau wenyewe. Leo yatupasa tuyafute maneno yale. Miche ile si mikarafuu. Ni mizambarau.

Twajua kwamba khabari hii imekwisha kututangulia barazani, na kila baraza ina yake. Mahali pamoja tumesikia kwamba Katibu kauza mbegu ya chama akala fedha. Mahali pengine kwamba bibi arusi alizimia kwa kulishwa sumu. Hakuna fedha iliyoliwa, na bibi arusi ni mzima wa afya, yupo kwa mumewe. Kilicholiwa ni mbegu. Tutaeleza mambo kama yalivyokuwa, kisha tutasema maoni yetu, ambayo huenda wengine wasiyapende.

Kwa vijana wanaoijua karafuu kwa bei yake tu, tueleze kidogo. Karafuu tunayoichuma ni ua ambalo halijafunuka. Likiachwa mtini hufunuka, halafu hugeuka tunda la kadiri ya tende ndogo, na kichwani lina pembe nne kama taji. Rangi yake likiiva, na hapa ndipo msiba wetu ulipoanzia, ni zambarau iliyokoza. Tunda hilo ndilo mpeta. Sokoni hauna thamani kubwa, kwani mafuta yake ni machache kuliko ya karafuu yenyewe. Lakini ndani yake mna mbegu, na pasipo mbegu hiyo hapana mkarafuu. Tena mbegu hii si kama mahindi, ambayo mtu huyatia katika kopo akayangoja masika. Ikikauka imekufa, na hata isipokauka, siku chache tu nguvu yake hupotea. Ndiyo maana mpeta ukiisha kuokotwa hurowekwa majini siku moja au mbili, ganda likalegea, likamenywa, na mbegu ikapandwa pale pale.

Mbegu tulizokusudia kupanda zilitoka kwa mzee mmoja wa tawi letu, ambaye ametuomba tusimtaje jina, naye ana haki. Mzee huyu ana mkarafuu ulioachwa na baba yake ambao haujapata kumvunja moyo msimu wowote mzuri. Upande mmoja wa mti ule aliuacha bila ya kuchuma ili chama kipate mpeta. Wasiolima wataliona hilo jambo dogo. Mkulima anajua kwamba kila tawi asilolichuma ni pishi za karafuu alizoziacha zipotee huku akizitazama kwa macho yake. Alituletea mpeta wake nyumbani Alkhamisi jioni, msimu ulipokuwa umekwisha, nasi tukautia katika ndoo ya maji.

Siku hiyo hiyo alifika mkwe wetu, yaani mama wa mke wetu. (Tukisema mke wetu maana yetu ni mke wa Katibu, mtu asije akadhani ni mali ya chama.) Alikuja na ndoo ya zambarau za kupikia mraba wa arusi ya mjukuu wake. Mraba, kwa wasiolijua neno hilo la wazee wetu, ndio vijana waitao jamu. Illa mraba wa mkwe wetu haupondwi. Tunda hupikwa zima na kokwa yake ndani, kwa sukari na ndimu na mdalasini, mpaka shira ishike uzi. Zambarau zilikuwa na sisimizi, akazimwagia maji ili watoke. Ijumaa hakupika, kwa kuwa Ijumaa ni siku ya pilau.

Ndoo yake ilikuwa ya buluu. Ndoo yetu ilikuwa ya buluu. Zote mbili zilitoka duka moja, na zote mbili ziliwekwa chini ya mndimu ulio nyuma ya jiko, maana hapo ndipo penye kivuli na maji karibu. Nasi hatukumwambia mtu yeyote wa nyumba ile kwamba ndani ya ndoo yetu mna nini. Msomaji alishike neno hilo, tutalirudia.

Jumamosi baada ya sala ya alfajiri, giza likiwa halijaondoka sawasawa, tulichukua ndoo moja tukaenda nayo kitaluni. Vijana wakakaa wakafikicha matunda na kutoa kokwa, mikono yao ikageuka rangi hadi vifundoni. Palikuwapo mtoto wa kiasi cha miaka saba, aliyemfuata kaka yake. Akatia tunda moja kinywani akasema, "Ami, hizi tamu." Tukamkemea, "Mbegu hailiwi!" Akanyamaza, na tulipogeuka akala nyingine. Kisha tukaandika katika daftari, kwa hati nzuri kabisa: mbegu za mkarafuu, 300.

Nyumbani nako mkwe wetu alikuwa amekwisha kuwasha moto. Macho yake si ya jana. Alimpa binti yetu kazi ya kutia karafuu punje tatu katika sufuria kama ilivyo desturi, na shira ilipoanza kuchemka harufu ya karafuu ikajaa nyumba nzima hadi kwa jirani. "We mtoto," bibi akamwambia, "nimekwambia tatu, wewe umetia pakacha?" Mtoto akaapa kuwa ni tatu. Hapana aliyemsadiki. Nyumba ya mkulima wa karafuu haina pua: gunia liko pembeni, jamvi liko uani, nguo zinanuka karafuu na mito ya kulalia inanuka karafuu, basi hata harufu ikizidi, mtu hutafuta wa kumlaumu wala hatafuti sababu. Binti yule alinuniwa siku mbili. Tumekwisha kumtaka radhi. Bibi akaonja shira, akaongeza sukari na ndimu, akasema itatulia ikilala. Zikatoka chupa saba, zikapandishwa juu ya kabati kungojea arusi.

Arusi ikawa baada ya miezi kumi. Nikahi ilipokwisha, wazee wakaletewa halua na kahawa, na visahani vya mraba. Mwenyekiti wetu ni mtu wa adabu. Alitafuna, akameza, akanyamaza, akanywa bilauri mbili za maji. Mgeni mmoja kutoka Mkoani aliuliza kwa sauti ya chini kama nyumba hii huwapa watu dawa ya meno, maana ulimi wake umeingia ganzi. Ama yule mzee wetu wa mpeta, yeye alitafuna polepole. Akatoa kokwa, akaifuta kwa leso, akaitazama. Akachukua tunda jingine katika kisahani akaligeuza hata akauona upande wenye taji la pembe nne. Kisha akatwambia, kwa upole uliotuumiza kuliko makelele, "Bwana Katibu, huu mpeta wangu."

Kwa muda hapana aliyecheka. Halafu wakacheka wote, na sisi tukacheka nao, mpaka lilipotujia swali lililokata kicheko chetu. Ikiwa mpeta uko kisahanini, kitaluni kuna nini?

Usiku ule ule tulikwenda na tochi. Tukafikicha jani, tukanusa. Tukafikicha la mche wa pili, na wa kumi. Lilikuwa na ukali kidogo kama jani la mwembe, lakini harufu ya karafuu haikuwamo. Jani la mkarafuu hata mtoto aliyefumba macho hulijua akilifikicha. Miezi kumi tulimwagilia maji, tukahesabu, tukaandika, tukajisifu, na hapana mmoja wetu aliyefikicha jani hata siku moja. Sote tuliliamini daftari.

Mtu akitaka kututetea anaweza kusema kwamba miti hii miwili ni ndugu. Ni kweli, wataalamu wa mimea wameiweka katika ukoo mmoja, Syzygium, na majani machanga ya yote miwili huanza kwa wekundu. Lakini dalili nyingine zote zilikuwa wazi. Kokwa ya zambarau ndiyo yenye tabia ya kutoa machipukizi mawili na matatu. Zambarau ndiyo inayoota upesi na kukimbilia juu, hali mche wa mkarafuu hukaa kitaluni mwaka mzima na zaidi, ukitaka kivuli na maji na subira. Miche ilipotangulia kalenda tulipaswa kushangaa, sisi tukafurahi.

Miche 112 ilikuwa imekwisha kutoka, kwa wanachama 19. Tulikwenda kwa mmoja mmoja kwa miguu yetu. Wengine walicheka, wengine walitutukana, na hatuwalaumu. Nyumba moja tu tuliiogopa, ya mzee aliyepita miaka 70, ambaye alichukua miche 20. Mzee huyu aling'oa visiki vya mikarafuu iliyokufa, akachimba mashimo kwa mkono wake, na wajukuu wakabeba samadi kwa vichwa. Alipokuja kuchukua miche alitwambia kwamba hatarajii kuichuma. Mkarafuu hutaka miaka sita hata minane kabla ya kuzaa, na kama ishirini kufikia nguvu zake. Anawapandia wale waliobeba samadi. Tulimkuta ameketi karibu na mche mmoja, ameutilia kivuli cha makuti. Tukamwambia. Alinyamaza kitambo, akatazama safu yake ya miche yote ishirini iliyoshika vizuri, akasema, "Miwili iacheni, watoto wanapenda zambarau. Kumi na minane niletee mikarafuu kabla ya masika." Hakutwambia neno jingine. Tulirudi nyumbani tukiwa tumejua uzito wa kosa lililoanza na ndoo mbili za buluu.

Maana hapa hatuzungumzii mraba. Kisiwa chetu ndicho chenye mikarafuu mingi, na sababu yake kila mtu ameisikia kwa wazee: kimbunga cha 1872 kiliiangusha mikarafuu ya Unguja karibu yote, na Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa. Katika miaka ya 1940 na 1950 ukaja ugonjwa wa mikarafuu kufa ghafla, miti mizima ikakauka imesimama. Mara zote mbili waliorudisha mashamba walirudisha kwa mbegu na kitalu, mche mmoja mmoja. Mwanachama akipokea mche kutoka kwa chama hupokea miaka yake saba ijayo, naye huipokea bila ya kuinusa kwa kuwa anatuamini. Imani hiyo tumeitia doa.

Sasa maoni yetu. Katika mkutano wa Kamati baada ya arusi, mjumbe mmoja alitoa shauri kwamba tangu leo mbegu ya chama isikanyage jikoni, wala mwanamke asiiguse. Shauri lilipigiwa makofi. Sisi hatukupiga, na hapa twaeleza kwa nini.

Ni nani aliyepika mpeta? Mkwe wetu, mwenye macho ya miaka mingi, ambaye hapana mtu aliyemwambia kwamba nyuma ya jiko kuna mbegu. Ni nani aliyepanda zambarau? Sisi, tuliosoma chuoni hata tukakhitimu na sekondari tukamaliza, wenye macho mawili mazima, na mfukoni simu yenye tochi ambayo hatukuiwasha. Ni nani aliyesema kweli kabla ya wote? Mtoto wa miaka saba, na tulimkemea. Na binti aliyesema kuwa ni karafuu tatu, tukamnunia. Ukiyatazama hayo kwa haki utaona kwamba waliokosa ni wale wale wenye madaraka ya mbegu, na waliosema kweli ni wale ambao hapana aliyewauliza. Kisha tunataka kuwafukuza hao!

Tena tuulizane. Usiku wa msimu, ni nani anayekaa akichambua karafuu, akitenga makonyo na punje hadi vidole vikauma? Wingu likifunga ghafla, ni nani anayekimbilia majamvi? Wako wanachama hapa, na twawajua, ambao msimu mzima hawaigusi karafuu mpaka iwe imekauka na kutiwa guniani, ndipo wanapokumbuka kuwa ni yao. Wanawake wetu wanaijua karafuu tangu mbichi hadi kavu. Lakini mbegu tumeifanya siri ya wanaume, kana kwamba ni hirizi. Ndoo huletwa usiku, huondolewa alfajiri, na mwenye jiko haambiwi. Lau tungalisema maneno manne tu, "Mama, huu ni mpeta," pasingalikuwa na makala haya.

Basi shauri letu ni kinyume cha lile lililopigiwa makofi. Kitalu wapewe wanawake wa tawi, majina yao yaandikwe katika daftari kama yalivyoandikwa ya vijana, na walipwe kwa kila mche ulio hai siku ya kutolewa. Mbegu inataka kivuli, maji ya asubuhi na jioni, na mtu aliyepo. Na mtu aliyepo mchana kutwa si Katibu, ambaye yuko mikutanoni, wala si vijana, ambao nao wakiitwa na mpira huenda. Ndoo ya mbegu ifungwe kitambaa chekundu na iandikwe, na juu ya kuandikwa itajwe kwa mdomo kwa kila aliyemo nyumbani, maana si kila mtu husoma na si kila anayesoma hutazama. Na siku ya kugawa miche, mwenye kupokea afikiche jani la kila mche mbele ya mtoaji kabla ya kutia sahihi. Asiyefikicha asipewe, hata akiwa Mwenyekiti.

Mweka Hazina ametwambia kwamba mfuko hauna fedha za kulipa. Twamheshimu, lakini tunamwomba apige hesabu nyingine pia: mashimo 112 yaliyochimbwa, samadi iliyobebwa, mvua ya vuli iliyopita bure, na pishi za karafuu alizoziacha yule mzee juu ya mti wake. Hesabu hiyo haimo katika kitabu chake kwa sababu aliyeilipa si mfuko. Ni wanachama.

Kuna wanaosema kwamba jambo hili ni la kuchekesha tu na tunalikuza. La kuchekesha ni kweli. Mwalimu mmoja aliyekuwapo arusini alitueleza kwamba katika visiwa vya Maluku, asili ya mkarafuu, watu wa zamani walikuwa wakihifadhi mpeta katika sukari wakaula kama tamutamu. Tulipomfikishia mkwe wetu khabari hiyo alisema kwamba yeye alijua tangu mwanzo. Tumemwachia.

Yule mzee wa mpeta amekubali kutuachia tawi jingine msimu huu, Mwenyezi Mungu amjaalie kheri. Ametoa sharti moja: mpeta ataukabidhi mkononi kwa mkwe wetu, si kwa Katibu. Mkwe wetu naye amekubali, na yeye ana sharti lake, kwamba Katibu asikaribie ndoo kabla jua halijatoka. Yote mawili tumeyaandika katika daftari na kutia sahihi.

Wanachama waliochukua miche ya vuli na ambao bado hatujaonana nao waje na jani moja Jumamosi yoyote asubuhi. Mzambarau atakayetaka kubaki nao abaki nao, ni mti wa kivuli na matunda. Lakini jina lake liandikwe kwetu ili apate mikarafuu yake kwa idadi ile ile itakapokuwa tayari, nayo safari hii haitakuwa tayari upesi.

Chupa tatu za mraba zimebaki juu ya kabati. Mwanachama mwenye jino linalomsumbua anakaribishwa.